Dili la Timu Tatu? Ujiji Walishafanya la Watu Wanne, Mwaka 1874

Kuna mshkaji mmoja hapa Mwandiga, simtaji jina kwa sababu mwenyewe anasoma hapa, na mke wake pia anasoma. Mchana ni fundi simu pale njia panda. Usiku ni meneja mkuu wa timu ya NBA. Marekani hajawahi kukanyaga, ila saa tisa usiku mechi zikianza huko yeye kashaamka, kashaweka kifurushi, na asubuhi nakuta ujumbe wa sauti wa dakika sita. Hasalimii. Anaanza tu: "Sikiliza kaka, nishaijenga timu."

Wiki iliyopita alikuwa na dili la timu tatu. Timu yake inamchukua nyota. Timu ya nyota inapewa wachezaji wawili ambao, kwa kweli, wanajua benchi kuliko uwanja. Timu ya tatu "inasaidia kusawazisha." Nikamrudishia swali moja: hiyo timu ya tatu inapata nini?

Kimya. Tiki mbili za bluu mpaka jioni.

Sasa wadau, leo hatuongelei nani kaachana na nani. Wa mtaani nitawasitiri kama kawaida yetu, wa kwenye historia nitawataja, maana wao hawatuzuii. Swali nililomuuliza fundi lina jibu, na jibu lilitolewa hapa hapa kwetu, Ujiji, kabla hata mpira wa kikapu haujabuniwa.

Mwaka 1874, mwezi wa pili, Mwingereza mmoja anaitwa Verney Lovett Cameron aliingia Ujiji akitokea Bagamoyo kupitia Tabora. Alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Akiwa njiani kule Unyanyembe akakutana na akina Chuma na Susi wamebeba mwili wa Livingstone kuurudisha pwani, kwa hiyo kazi ikawa imeisha kabla haijaanza. Yeye akaendelea kuja kuchukua karatasi za marehemu zilizobaki Ujiji, halafu akataka kuzunguka ziwa. Kuzunguka ziwa kunahitaji chombo, na chombo kizuri kilikuwa cha mfanyabiashara mkubwa, Said bin Habib. Mwenyewe hakuwepo, yupo wakala wake.

Wakala akasema sawa, chombo kipo. Ila nilipe kwa pembe za ndovu.

Cameron hana pembe hata moja. Akaulizia. Akasikia Mohamed bin Salib anazo, ila huyo anataka vitambaa. Cameron vitambaa navyo hana. Akaulizia tena. Akasikia Mohamed bin Gharib ana vitambaa, na shida yake ni waya. Yaani waya, huu wa kutengenezea vikuku na mapambo. Na waya, kwa bahati, Cameron alikuwa nao!

Basi ikawa hivi: Cameron akampa bin Gharib waya, bin Gharib akampa bin Salib vitambaa, bin Salib akampa wakala wa Said pembe, na wakala akatoa chombo. Watu wanne, vitu vinne, na kila mmoja kaondoka na kile alichokuwa anakililia. Kisa hiki kimo kwenye kitabu cha Cameron cha mwaka 1877, na wachumi wamekuwa wakikitumia kufundishia ugumu wa kubadilishana mali kwa mali. Wanafunzi wa Ulaya wanasoma habari za Ujiji darasani, sisi tunapita pale na daladala tukiwaza nauli. Kwa chombo hicho, alichokipa jina la Betsy, mwezi wa tano mwaka huo huo Cameron alifika ng'ambo na kuona mto Lukuga ukitoka ziwani, sehemu ilipo Kalemie ya leo. Baadaye akatokea mpaka Atlantiki.

Ngoja nikupe kitu kingine kutoka soko hilo la Ujiji, maana ndo kinaunganisha na NBA. Usidhani hawakuwa na pesa. Walikuwa nayo: shanga zinaitwa sofi, zinafanana na vipande vya bomba la kiko. Asubuhi soko likifunguliwa, kulikuwa na watu na mifuko yao ya sofi, unawapa shanga zako za aina nyingine wanakupa sofi ukafanye manunuzi. Soko likiisha wanazinunua tena kwa wauzaji, wanapata faida yao. Mawakala wa miamala kabisa, bila kibanda na bila simu. Ila sofi ilikuwa ya kununua samaki na muhogo. Kwenye chombo cha Said bin Habib mambo yalikuwa mengine.

NBA ni hivyo hivyo. Sisi tumekulia kwenye soka, tumezoea Simba au Yanga ikimtaka mchezaji inapeleka hela, klabu yake inapokea ada ya uhamisho, kwisha. NBA haina hiyo. Timu haiwezi kufungua begi la dola ikamnunua mtu kutoka timu nyingine. Mchezaji mwenye mkataba anabadilishwa kwa mchezaji mwenye mkataba, au kwa haki ya kuchagua vijana kwenye drafti za mbele, na mishahara ya pande zote inatakiwa ikaribiane, kwa sababu ligi ina kikomo cha mishahara. Hela taslimu inaruhusiwa kidogo tu, kama bakshishi. Kwa hiyo ligi tajiri kama ile, yenye mabilioni, ikifika kwenye wachezaji inarudi Ujiji ya 1874. Una pembe, nataka vitambaa. Ndo maana wanahitajika watu wa tatu na wa nne. Mwezi wa saba 2025, dili lililompeleka Kevin Durant Houston liliishia kuwa na timu saba ndani yake. Saba! Na lile la Luka Doncic kwenda Lakers, Februari 2025, lililofanya watu wasilale? Nalo lilikuwa la timu tatu. Utah ilikuwemo. Ilimchukua kijana mmoja wa Lakers ili hesabu za mishahara zikae sawa, ikapewa haki mbili za kuchagua raundi ya pili. Huyo ndo mtu wa tatu, na hata yeye hakuondoka mikono mitupu. Fundi wangu wa njia panda hilo ndo alilisahau.

Haya, tuje kwa watu wetu.

Kila ukitaja NBA Tanzania, hata kwa mtu asiyejua pointi tatu zinafungwaje, atakwambia "Hasheem." Halafu atacheka. Hapo ndo huwa napata hasira, na hapo ndo sababu ya mimi kuandika haya yote.

Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, urefu mita 2.21, mpira wa kikapu kaanza akiwa na miaka 15 hivi. Akaenda kusoma Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 timu yao ikafika nne bora ya vyuo vya Marekani, na yeye akiwa mlinzi bora wa kanda yao kwa miaka miwili mfululizo. Mwezi wa sita mwaka huo Memphis Grizzlies ikamchagua namba 2 kwenye drafti. Namba 2, wadau. Nyuma yake namba 3 alikuwa James Harden, namba 7 alikuwa Stephen Curry. Ndo maana wanacheka. Kila orodha ya "waliochemsha" inamweka.

Ila angalia Memphis ile ilivyokuwa. Tayari walikuwa na senta kijana, Marc Gasol, anapanda kwa kasi. Mwezi uliofuata baada ya drafti wakamleta Zach Randolph, naye wa chini ya kikapu. Sasa wewe mwenye duka la dagaa, umeleta tena gunia la dagaa, halafu unalilaumu gunia kwamba haliuziki? Hasheem msimu wa kwanza akapata pointi 3.1 kwa mechi, na katikati ya msimu wakamshusha ligi ya chini, Dakota Wizards. Wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Sisemi alikuwa Curry. Mikono yake ilikuwa mizito, na alianza mchezo akiwa mkubwa. Nasema tu alipelekwa mahali ambapo hitaji lake halikuwepo.

Halafu inakuja sehemu ambayo hawakusimulii. Februari 2011, mshambuliaji wao Rudy Gay akaumia bega. Memphis ghafla wanahitaji mtu wa nafasi ile, mkabaji, mzoefu, anayefunga kwa mbali. Houston wanaye: Shane Battier. Houston wao wanataka senta, kwa sababu Yao Ming miguu ilishamkatalia. Memphis wana nini ambacho Houston anakitaka? Wana waya.

Tarehe 24 Februari 2011, Hasheem na DeMarre Carroll, pamoja na haki ya kuchagua raundi ya kwanza, wakaenda Houston. Battier na Ish Smith wakaja Memphis. Timu mbili tu, bado ni Ujiji.

Tarehe 17 Aprili mwaka huo huo, Memphis walioingia mtoano wakiwa wa nane wanacheza na San Antonio waliokuwa wa kwanza kanda nzima. Memphis tangu klabu izaliwe walikuwa hawajawahi kushinda hata mechi moja ya mtoano. Walishacheza 12, wamefungwa 12. Zimebaki sekunde 23.9, mpira unamfikia Battier, anarusha ya pointi tatu, unaingia. 101 kwa 98. Ushindi wa kwanza kwenye historia ya klabu, na mwisho wakawatoa San Antonio kwa mechi 4 kwa 2.

Yule aliyerusha alilipiwa na nani? Na mtoto wa Dar. Kile kikapu kina jina la Hasheem kwa nyuma, kama risiti. Hamna anayeisoma.

Upande wa Houston sitakudanganya, hakikutokea kitu. Alicheza mechi za kuhesabu kwa vidole, na Machi 2012 wakampeleka Portland, naye Marcus Camby akaja Houston. Mwaka huo huo akasaini Oklahoma City. Na Oktoba 2012, akiwa huko Oklahoma, akashuhudia James Harden, yule wa namba 3, akibadilishwa kwenda Houston. Yaani kila mtu anapita nyumba ya mwenzake. Agosti 2014 Oklahoma wakampeleka Philadelphia, na Philadelphia wakamwachia siku chache baadaye hata jezi hajaitoa jasho. Pale alikuwa mshahara tu. Hiyo inauma, nakubali.

Na Carroll, yule aliyekwenda kama nyongeza? Houston walimwacha. Miaka minne baadaye alikuwa anaanza kwenye Atlanta iliyoshinda mechi 60, na Toronto wakampa mkataba wa dola milioni 60. Nyongeza hiyo.

Toronto alikutana na mtu wa ng'ambo yetu. Ukisimama Kibirizi asubuhi hali ya hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo. Vuka mpaka Kalemie, shuka kusini sana, unafika Lubumbashi, mji unaoongea Kiswahili chake, kile cha "batu" na "banaenda," ambacho sisi wa huku tunakisikia sokoni kila siku. Bismack Biyombo katoka huko. Kaondoka kijana mdogo, akapitia Yemen, akafika Hispania. Aprili 2011 kwenye mechi ya vijana wa dunia pale Portland akapiga pointi 12, ribaundi 11, na akazuia mipira 10. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye mechi ile. Miezi miwili baadaye Sacramento ikamchagua namba 7.

Ila hakuvaa jezi ya Sacramento hata siku moja. Usiku ule ule alikuwa ndani ya dili la timu tatu, na hili ndo dili ambalo kila meneja mkuu wa kijiweni angetakiwa kulisoma.

Charlotte, timu ya Michael Jordan enzi hizo, wanataka kijana mzuiaji na wanataka kumtoa Stephen Jackson. Milwaukee wanataka mfungaji, na wamechoshwa na mkataba mrefu wa John Salmons. Sacramento wanamtaka Salmons, alishawahi kucheza kwao, na wanamtamani Jimmer Fredette, kijana aliyekuwa anapiga za mbali chuoni nchi nzima ikapagawa. Basi mzunguko ukakamilika. Biyombo na mkongwe Corey Maggette kwenda Charlotte. Jackson, Shaun Livingston, Beno Udrih na chaguo namba 19 kwenda Milwaukee. Salmons na chaguo namba 10, ambalo ndo Fredette, kwenda Sacramento.

Kwa karatasi, ni Cameron mtupu. Kila mtu kapata alichotaka.

Ila kutaka na kuhitaji, aisee. Sacramento walitaka Fredette, na mara tu baada yake, namba 11, Golden State wakamchukua Klay Thompson. Fredette Februari 2014 wakamlipa aondoke. Milwaukee walimpata Jackson, akakosana na kocha, Machi 2012 wakamtoa. Lile chaguo namba 19 lilikuwa Tobias Harris, kijana mzuri kabisa, nalo wakaliachia baada ya msimu mmoja na nusu. Charlotte? Msimu wa 2011–12 ulikuwa mfupi kwa sababu wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji, mechi 66. Walishinda 7. Wakafungwa 59. Asilimia mbovu kuliko zote kwenye historia ya NBA.

Timu tatu zikakaa mezani, zote zikaondoka zimefurahi, zote zikaumia. Bin Gharib alijua waya ni wa nini. Hawa walinunua kile kilichokuwa kinazungumzwa wiki ile.

Aliyefaidika ni Biyombo mwenyewe, taratibu. Mei 2016, akiwa na Toronto, alichukua ribaundi 26 kwenye mechi moja ya fainali ya kanda dhidi ya Cleveland ya LeBron, rekodi ya klabu. Kiangazi kile Orlando wakampa dola milioni 72 kwa miaka minne. Julai 2018 akaingizwa tena kwenye dili la timu tatu, Orlando, Chicago na Charlotte, akajikuta amerudi Charlotte, kama mtu aliyepanda basi la Kasulu akashushwa tena Mwandiga. Baba yake alipofariki 2021, Biyombo alicheza msimu ule Phoenix na mshahara wake wote, dola milioni 1.3, akautoa kujenga hospitali Kongo kwa jina la mzee.

Kabla mtu hajarukia: ndiyo, Ujiji ile ya 1874 watu nao waliuzwa. Pembe zile zilibebwa na mabega ya watu, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka safari. Kwa hiyo sifananishi mchezaji anayelipwa mamilioni na mtumwa, huo ni utoto. Nafananisha mzunguko wa mali tu. Hata hivyo kuna kitu kinanikaa kooni nikisoma jinsi wachezaji wanavyopata habari zao kwenye simu kama sisi, saa moja na mashabiki. Hasheem alikuwa na miaka 24 alipoondoka Memphis, mbali na Dar, na mpaka leo kijana wa Kigoma ambaye hajawahi kuona mechi yake hata moja anamcheka kwa hesabu ambayo haikuwa yake.

Nyumbani kwetu, mama alikuwa na mawese. Mama mmoja wa Kibirizi alikuwa na dagaa, naye mawese alikuwa nayo ndoo mbili. Dili lilikuwa haliendi mpaka atokee mtu wa Manyovu na maharage, anayetaka mawese, na yule wa Kibirizi anataka maharage. Mama alikuwa anakaa pale barabarani anangoja gari la Manyovu tangu saa mbili asubuhi. Siku likichelewa tunakula ugali na mawese, basi. Hakuna siku aliyomwambia yule wa Manyovu "wewe utasaidia kusawazisha." Alianza na swali: leo umekuja unatafuta nini?

Nilimwandikia fundi haya yote, ya Cameron na ya mama. Alikaa siku mbili. Leo alfajiri, saa kumi na moja na dakika chache, ujumbe wa sauti umeingia, dakika tisa. Kafuta lile dili la kwanza. Sasa ni la timu nne, na kila timu kaanza kwa kusema inakosa nini. Nimesikiliza mpaka dakika ya saba, na nakiri linakaribia kukaa. Ya nne bado anaitafutia waya.